Mtungi wa Tanga Mjini Kabale: Uchambuzi wa Kisa cha Gesi ya Kupikia Safarini

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mume na mke kutoka Tanga ambao, baada ya mume kustaafu kazi ya bandarini, walinunua basi dogo aina ya Toyota Coaster, wakang'oa viti vya nyuma, wakaweka kitanda, kabati na jiko, na tangu hapo sehemu kubwa ya mwaka wanaishi barabarani wakiuza kanga, udi na viungo kutoka soko moja hadi jingine. Waliingia Uganda kwa mpaka wa Mutukula, wakapita Masaka na Mbarara, kisha wakapanda milima ya kusini magharibi hadi Kabale. Huko, jioni moja ya mwezi wa Ramadhani, maharage yakiwa jikoni na saa ya kufuturu ikikaribia, moto wa jiko lao la gesi ulififia, na mtungi waliotoka nao nyumbani haukupata mtu wa kuujaza. Tukio lenyewe ni dogo, lakini limekusanya karibu kila tatizo ninalokutana nalo katika kazi yangu ya kufunga majiko ya gesi hotelini na kwenye magari, na wahusika, ambao baadaye nililikagua basi lao Kampala, walifanya mambo ya busara sana na mengine ya hatari ndani ya siku chache zilezile.

Mtungi wao ulikuwa wa kilo 15. Huo ni ukubwa wa kawaida Tanzania, ambako nyumba nyingi hutumia mtungi wa kilo 6 au 15, na mikahawa huchukua wa kilo 38. Uganda mitungi ya majumbani iliyozoeleka ni ya kilo 6 na ile ya kilo 12 na ushei hadi 13, halafu ipo midogo ya kilo 3 na mikubwa ya kilo 45. Mtungi wa kilo 15 kwa hiyo humtambulisha mwenyewe kuwa mgeni kabla hajafungua kinywa. Juu yake palipachikwa regyuleta ya kubana kwa mkono, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi, ikatoka hapo mpira mrefu uliozunguka nyuma ya kabati hadi kwenye jiko la pleti mbili. Mtungi wenyewe ulisimama ndani ya basi, katika kabati la mbao karibu na mlango wa nyuma. Jambo hilo nitalirudia, maana kwa maoni yangu ndilo lililokuwa baya kuliko yote, na ndilo ambalo hakuna aliyelitazama jioni ile.

Mume alipoona moto umefifia alihitimisha kwamba gesi imekwisha. Alibeba mtungi hadi duka la gesi lililo jirani na kituo cha mafuta, akaonyesha jina la kampuni lililoandikwa ubavuni, jina ambalo lilikuwa pia kwenye kibao cha duka hilo, akaomba abadilishiwe.

"Hii silinda si ya kwetu, mzee," alisema kijana wa duka.

"Jina si lile lile, mwanangu?"

"Jina ni lile, lakini depo ya Kampala hawaipokei. Nikiichukua itabaki hapa, na pesa yangu imelala."

Jibu hilo liliwaudhi, na nimesikia wasafiri wengi wakilalamika kwa namna hiyohiyo, wakidhani muuzaji ni mbaguzi au mvivu. Ukweli ni kwamba kijana alisema sawasawa. Duka la mtaani halijazi gesi. Halina pampu, halina mizani ya kujazia, halina tangi. Linapokea mtungi mtupu na kutoa uliojaa, kisha linapeleka mitungi mitupu kwenye depo, yaani mahali pa kampuni pa kujazia, ili irudi imejazwa, na hesabu ya mitungi hiyo lazima ilingane: mtupu mmoja wa aina fulani kwa uliojaa mmoja wa aina ileile. Mteja anaponunua mara ya kwanza hulipa vitu viwili pamoja, gesi ambayo ataichoma na haki ya kukaa na chuma cha kampuni. Haki hiyo ina thamani pale tu ambapo kuna mtu aliyekubali kuipokea. Kampuni mbili zenye jina moja katika nchi mbili zina vitabu viwili vya mitungi, ratiba mbili za kupima chuma chake, ukubwa tofauti wa mitungi, na mara nyingi vali tofauti. Mtungi wa kilo 15 ukifika depo ya Uganda hauna rafu ya kuwekwa wala bei ya kuuziwa.

Wapo wanaosema dawa ni serikali za Afrika Mashariki kulazimisha vali ya aina moja. Kenya ilijaribu kitu cha karibu na hicho: kanuni za mwaka 2009 zilitaka vali moja kwa mitungi ya majumbani na zikaweka utaratibu wa kampuni kubadilishana mitungi, kiasi kwamba mteja aliweza kupeleka mtungi wa kampuni moja na kuondoka na wa nyingine. Kanuni za mwaka 2019 ziliondoa ulazima huo na kutaka mwenye jina la mtungi atoe ridhaa kabla mtu mwingine hajaujaza, kwa kuwa kampuni zililalamika kwamba mitungi yao inajazwa na watu wasiojulikana bila kukaguliwa. Vali zilikuwa za aina moja na ugomvi ukabaki palepale, kwa sababu haukuwa ugomvi wa vali. Ulikuwa wa nani atawajibika siku chuma kikipasuka. Ikiwa ndani ya nchi moja swali hilo lilikuwa gumu kiasi hicho, msafiri asitarajie kwamba mpaka wa Mutukula utalirahisisha.

Wakati wazee hao wakiondoka dukani, kijana mwingine aliyekuwa amesimama na bodaboda yake aliwafuata. Alikuwa na mtungi mkubwa nyumbani, akasema, na mpira wenye vichwa viwili. Angeuinua mtungi wake juu ya meza, kichwa chini, aunganishe na wa kwao chini, na gesi ingeshuka yenyewe. Bei aliyotaja ilikuwa nafuu kuliko ya dukani. Huduma hii ipo katika miji mingi ya eneo letu, na siwezi kumwita kijana yule mhalifu, kwa sababu anajibu haja halisi ambayo utaratibu rasmi umeiacha. Lakini kinachofanyika pale kinastahili kuelezwa polepole, kwani wanaokipinga huzungumzia tu hatari ya cheche, na cheche ni nusu ya habari.

Gesi ya kupikia ndani ya mtungi ni kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani uliobanwa kwa shinikizo. Kimiminika hiki hutanuka kwa joto kuliko maji kwa mbali: kila nyuzijoto moja ya Selsiasi inapoongezeka, ujazo wake huongezeka kwa kati ya asilimia 0.2 na 0.3. Ndiyo maana depo hujaza kwa uzito, mtungi ukiwa juu ya mizani, na kuacha takriban sehemu moja ya tano au ya sita bila kimiminika, ili mvuke upate nafasi. Mtu anayehamisha gesi kwa kuinua mtungi mmoja juu ya mwingine hana mizani. Huendelea hadi sauti ya kutiririka inyamaze, na sauti hiyo inaweza kunyamaza mtungi wa chini ukiwa umejaa pomoni.

Sasa tuchukulie hali ya wazee hawa. Kabale iko kati ya mita 1,800 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku huko watu hulala na blanketi mbili. Mtungi ujazwe pomoni jioni, kwenye nyuzi 12. Wiki inayofuata wahusika walipanga kushuka hadi Kampala na kuendelea kaskazini kuelekea Gulu, na basi lililoegeshwa juani mchana, madirisha yamefungwa, hufika nyuzi 45 bila shida. Tofauti ni nyuzi 33, na kimiminika kingetaka nafasi ya ziada ya asilimia 7 hadi 10. Nafasi hiyo isingekuwepo. Kimiminika kisipokuwa na pa kwenda, shinikizo halipandi kidogo kidogo tena. Hupanda ghafla, kwa sababu sasa ni kimiminika kinachosukuma chuma. Kama mtungi una vali ya usalama inayofanya kazi, ingefunguka na kumwaga gesi ndani ya basi lenye kitanda, kanga na jiko. Kama haina, ni bora msomaji amalizie mwenyewe. Cheche za Kabale zingekuwa zimeshasahauliwa, na kijana wa bodaboda asingejua kamwe.

Hata pale ambapo biashara ya namna hii inafanywa na watu wenye malori na viwanja, matokeo yameonekana. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia kisicho na leseni kilichokuwa katikati ya makazi. Watu walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Aliyeikataa huduma ya kijana yule alikuwa mke, wala si kwa sababu ya hesabu hizi. Kwa maneno yake mwenyewe: "Baba watoto, kabla ya kutia gesi ya watu humu, tujue kwanza ndani kuna nini." Hilo ndilo lililokuwa jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Karibu nao palikuwa na mfanyabiashara wa viazi mviringo, zao ambalo Kabale inajulikana kwalo, aliyekuwa amening'iniza mizani yake kwenye boriti ya kibanda kupimia magunia. Wakamwomba, akauning'iniza mtungi. Shingoni mwa kila mtungi wa halali pamegongwa au kuandikwa uzito wa chuma kitupu, mara nyingi baada ya herufi TW; wa kwao ulisomeka kilo 16.2. Mizani ya viazi ilionyesha 19 na nusu. Hata tukikubali kwamba mizani ile haikuwa ya dhahabu, ndani ya mtungi ulioitwa mtupu zilibaki kilo 3 za gesi, au karibu na hapo.

Basi kwa nini moto ulififia? Watu waliokuwa pale walikubaliana kwamba ni baridi, na maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hutoa mvuke popote. Butani huchemka karibu na nusu nyuzi chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye barafu hugoma. Katika mchanganyiko, propani hutangulia kutoka, na kinachobaki chini ya mtungi unaokaribia kwisha ni butani zaidi. Tena, gesi inapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye chuma, ndiyo maana mtungi hutoa jasho pleti mbili zikiwaka. Lakini hesabu haifiki. Pleti mbili za kawaida hutumia takriban gramu 300 kwa saa, na kiasi hicho kingeupoza mtungi wa chuma wenye kilo 3 ndani yake kwa nyuzi chache tu katika saa moja. Kutoka nyuzi 12 ungefika 6 au 7, na katika hali hiyo butani bado ina shinikizo la kutosha kuilisha regyuleta ya jiko la nyumbani, ambayo huhitaji kutoa shinikizo dogo la kama milibari 30 tu. Milima ya Kabale inatosha kumpa mtu mafua. Haitoshi kuuzima mtungi wa gesi.

Dalili iliyopaswa kusikilizwa ilikuwa nyingine, na mke aliitaja bila kuulizwa: moto haukuwa mdogo tu, ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayehema. Gesi inayokaribia kwisha hutoa moto mdogo uliotulia, kisha huzima. Hewa isiyotosha hutoa moto wa njano unaopaka masizi chini ya sufuria. Moto unaohema karibu kila mara unasema kwamba kuna kimiminika njiani kati ya mtungi na jiko. Mpira wao ulipofunguliwa nje, mbali na moto, sehemu yake iliyolegea nyuma ya kabati na kushuka chini kuliko mtungi ilitoa mafuta ya rangi ya manjano, mazito, yenye harufu kali, yapata vijiko viwili vya chai. Gesi ya kupikia hubeba mabaki mazito kidogo, na mpira mkuukuu nao huachia vilainishi vyake. Vyote hukusanyika mahali penye bonde, na baridi ya usiku huvifanya vizito zaidi. Gesi ilikuwa ikisukuma dimbwi hilo, inapita kwa mkupuo, inazuiwa, inapita tena. Mwaka uliopigwa chapa kwenye mpira ulionyesha kwamba ungepaswa kuwa umebadilishwa zamani. Duka la vifaa mjini liliwauzia mpira mpya wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 pamoja na bana mbili za skrubu. Waliukata mfupi na kuupitisha pasipo na bonde, wakapaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta uvujaji, na moto ukarudi. Maharage yaliiva baada ya Isha. Walikuwa wamefuturu kwa tende na chai ya chupa.

Kilo 3 ni kitu gani kwa mtu anayeishi barabarani? Pleti moja kwenye moto wa kati hula karibu gramu 150 kwa saa, hivyo walikuwa na saa 20 za pleti moja mkononi. Mke alipoamua kuloweka maharage tangu usiku na kupika vyakula viwili kwa zamu kwenye pleti moja, saa hizo zilitosha kuwavusha wiki. Hapo ndipo hali ya kisa ilipobadilika kabisa: jioni walikuwa watu wanaotafuta gesi kwa namna yoyote, asubuhi wakawa watu wenye muda wa kuchagua. Nadhani mitungi mingi inayojazwa uchochoroni hujazwa kwa sababu hakuna aliyeipima.

Njia zilizokuwa mbele yao zilikuwa chache, na baadhi hazihitaji maneno mengi. Kurudi Mutukula na kuvuka kwenda Bukoba kubadilisha mtungi kungewagharimu safari ya zaidi ya kilomita 400 kwenda tu, kupitia Mbarara na Masaka, na dizeli ya Coaster kwa umbali huo inazidi thamani ya gesi yenyewe. Kuhamia mkaa ndani ya basi ni kujiua: katika baridi ya Kabale mtu hufunga madirisha, na kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu ya kumwamsha aliyelala. Kutafuta depo Kampala itakayokubali kuujaza mtungi wa kigeni kwa mizani kulipendekezwa na rafiki yao mmoja kwa simu. Sikushauri, kwa kuwa depo makini itakataa, na ile inayokubali chuma isichokijua historia yake haifai kuaminiwa katika mengine.

Walisogea kwanza Ziwa Bunyonyi kupumzika, na pale kambini walikuta lori la wasafiri kutoka Marekani ambao matatizo yao yaliwafumbua macho kuliko ushauri wangu. Mtungi wa Kimarekani wa ratili 20 hubeba karibu kilo 9 za propani. Vali yake ni ya aina yake, haipokei regyuleta za kwetu, na mtungi una boya ndani linalozuia kujazwa kupita asilimia 80, sharti ambalo huko limekuwepo kwenye mitungi midogo kwa zaidi ya miaka 20. Kwao mtu humiliki mtungi wake mwenyewe na huupeleka kituoni ujazwe mbele yake, ukipenda nusu, ukipenda kamili. Chombo hicho bora kabisa kilikuwa kimefungwa kamba juu ya lori, hakina kazi tangu walipofika Afrika Mashariki. Chini yake, wakipikia, palisimama mtungi mdogo wa Uganda. Aliyekuja na chombo kizuri zaidi na aliyekuja na chombo cha jirani tu walikuwa wamefika mahali pamoja. Gesi ya Uganda huletwa kwa malori kutoka pwani, kupitia bandari za nchi jirani, na licha ya mafuta kugunduliwa bonde la Albertine, magharibi mwa nchi hiyo, mwaka 2006, muuzaji wa Kabale bado ni kituo cha mwisho cha mnyororo mrefu. Mnyororo huo umejengwa juu ya mitungi ya kubadilishana. Msafiri hawezi kuugeuza uwe wa kujaza.

Kwa hiyo uamuzi waliofikia, ambao ningeufikia pia, ulikuwa kuutoa mtungi katika orodha ya mali zao za kudumu. Kinachodumu katika basi ni jiko na mpira; mtungi na regyuleta ni vya nchi unayoishi kwa wakati huo. Mbarara walinunua mtungi wa Uganda wa kilo 6. Mume alitaka wa kilo 13 kwa kuwa gesi ya mtungi mkubwa kwa kawaida hutoka nafuu kidogo kwa kilo, na hoja hiyo ni sahihi kwa mwenye nyumba. Kwa mwenye basi hesabu ni nyingine. Mtungi wa kilo 6 upo karibu kila kituo cha mafuta na duka la njiani, mzee wa miaka sitini na ushei anauinua mwenyewe, na siku ya kuondoka nchini kiasi cha fedha kitakachobaki kimelala ndani ya chuma ni kidogo.

Katika kuchagua kampuni walifanya jambo ninalolisifu: hawakuuliza ipi ni nafuu, waliuliza ipi ina maduka kwenye barabara watakayopita. Kutoka Kampala hadi Gulu, kupitia Luweero na Karuma, kuna vipande virefu ambapo duka la gesi ni la kampuni moja au mbili kubwa tu. Kampuni ndogo yenye bei tamu mjini Mbarara ingewarudisha kwenye jibu lilelile la Kabale, "si ya kwetu," safari hii ndani ya nchi ileile.

Dukani mke alisimamia ununuzi. Alitaka mtungi uwekwe kwenye mizani mbele yake na akatoa uzito wa chuma mwenyewe, akakagua lakiri juu ya vali, akageuza mtungi kutazama kutu kwenye kitako, mahali ambapo maji hukaa, na akadai risiti inayoandika mtungi na gesi kila kimoja peke yake. Regyuleta ya Tanga ilijaribiwa na haikukaa. Regyuleta za kubana huja kwa vipenyo vya milimita 20, 21, 22 na 27, na tofauti ya milimita moja haionekani kwa jicho. Nimeona watu wakizungushia mpira wa baiskeli ili ishike. Ikikaa kwa kulazimishwa itavuja ikitikiswa, na basi hutikisa kila kitu. Walinunua iliyotoka na mtungi huo, ya shinikizo la chini, jiko likabaki lilelile.

Nirudi kwenye kabati. Nilipolikagua basi hili Kampala sikutaka hata kuuangalia mtungi mpya kabla ya kuuliza kwa nini unasafiri ndani. Mvuke wa gesi ya kupikia ni mzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mbili, hivyo ukivuja haupandi kwenda dirishani. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujaza mapengo chini ya kitanda, na asilimia 2 tu ya gesi hiyo katika hewa inatosha kushika moto. Harufu kali inayotiwa makusudi ili kumwonya mtu humsaidia aliyesimama na kuamka. Mtu anayelala kwenye godoro lililo chini hugundua kwa kuchelewa. Kabati lao lilikuwa na tundu moja, juu, lililotobolewa kwa ajili ya mpira. Tundu lililohitajika ni la chini kabisa, linalotoka nje ya basi kupitia sakafu, lisilo juu ya ekzosi, na upande unaotazama ndani uzibwe kabisa. Tuliufanya mlango wa kabati ufungukie nje, tukaweka mikanda miwili ya kuushika mtungi ukiwa wima, maana ukilala hutoa kimiminika badala ya mvuke, na kimiminika kikifika jikoni moto hugeuka mwenge. Kufunga vali kabla ya kuwasha injini walikuwa tayari wakifanya. Kazi yote haikumaliza siku, na ingeweza kufanyika Tanga kabla hawajaanza safari.

Ule mtungi wa kilo 15 ulileta swali dogo la mwisho. Ulipokwisha, mume alitaka wautupe juu ya paa kama Wamarekani, lakini mtungi mtupu si mtupu: una mvuke ndani yake, na ukiachwa vali wazi hupumua gesi mchana na kuvuta hewa usiku. Walipokuwa wakirudi kusini waliuchukua mtungi huo uliokuwa umehifadhiwa kwa jamaa yao Masaka, wakavuka mpaka, na huko Bukoba duka la kwanza waliloingia liliupokea na kuwapa uliojaa bila swali lolote. Wa Uganda hawakuuza, kwa sababu wanunuzi waliojitokeza Masaka walitoa chini ya nusu ya walicholipia chuma. Umebaki kwa jamaa huyohuyo, nje chini ya kibanda cha kuku kilichohamwa, umefungwa kizibo juu ya vali, na risiti yake iko kwenye bahasha ya hati za gari hadi msimu ujao wa masoko.